Kiswahili Katika Msingi wa Kompyuta za Shule

Yako maneno mawili ambayo, kila yazungumzwapo mambo ya kompyuta za shule, hutamkwa upesi na kupita bila kuulizwa maana yake. Maneno hayo ni "msingi" na "nyongeza". Husemwa kwamba mashine ije na vitu vya msingi tu, na kwamba mwalimu atakayehitaji zaidi ataongeza mwenyewe. Kauli hiyo ina sura ya busara, nasi tusingekuwa na ugomvi nayo lau si jambo moja: katika kugawa huko, Kiswahili hutiwa katika fungu la nyongeza. Sisi tufundishao Kiswahili hapa Ndera, pembezoni mwa jiji la Kigali, tumeona vema kueleza kwa nini tunaupinga mgawanyo huo, ili walimu wenzetu waipime hoja yetu na, wakiiona ina uzito, waichukue kuwa yao.

Kabla ya kuingia katika hoja yenyewe, hatuna budi kuyafafanua maneno. Mfumo endeshi ni ile programu kuu inayoziongoza sehemu zote za kompyuta na kuzipokea programu nyingine kama nyumba ipokeavyo watu. Aghalabu mashine haiji na mfumo mtupu. Huja na programu kadhaa ambazo mtengenezaji, au mnunuzi mkubwa kama vile serikali, amekwisha kuziweka ndani kabla mtumiaji hajaigusa. Huo ndio tunaouita hapa usakinishaji wa msingi. Tungependa msomaji alitazame kwa makini neno "sakinisha". Shina lake ni "sakini", yaani kukaa mahali na kupafanya maskani. Kusakinisha programu, basi, ni kuipa makao, na yule anayeandika orodha ya programu za msingi anaamua nani atakuwa mwenyeji ndani ya mashine na nani atasimama nje apige hodi.

Vivyo hivyo neno "pakua", tunalolitumia siku hizi kwa kitendo cha kuiteremsha programu kutoka katika intaneti, limetoka jikoni. Hupakuliwa chakula kilichomo chunguni. Anayemwambia mwalimu "utapakua mwenyewe" amechukulia kwamba chungu kipo, kwamba ndani yake kimepikwa kitu, na kwamba mwalimu ana upawa mkononi. Tutaonyesha kwamba ni mara chache vitu hivyo vitatu kukutana mahali pamoja.

Jambo hili haliko mbali nasi. Masoro, palipojengwa Eneo Maalumu la Kiuchumi la Kigali, pamo katika tarafa hii ya Ndera, wilaya ya Gasabo. Katika eneo hilo kampuni ya Positivo BGH, yenye asili ya Argentina na Brazili, ilianza mwaka 2015 kuunganisha kompyuta, zikiwemo za shule za Rwanda. Na mwezi wa Oktoba 2019 kikafunguliwa huko kiwanda cha simu cha Mara Phones. Kwa hiyo asije mtu akatuambia kwamba yanayotiwa ndani ya mashine ni siri ya mabara ya mbali, nasi hatuna la kusema. Mashine zimeunganishwa mahali ambapo mwalimu wa Ndera anaweza kufika kwa miguu. Wala hatumlaumu mwunganishaji, kwani fundi hushona kwa kipimo alichopewa. Tunakitazama kipimo, na kipimo hutoka kwa anayeagiza.

Tueleze hali ilivyo. Mwalimu wa Kiswahili anaketi mbele ya kompyuta ya shule kuandika mtihani wa mwaka wa pili wa sekondari. Maagizo yote katika kiwambo ni ya Kiingereza, na hilo analivumilia. Anaandika sentensi ya kwanza, na chini ya karibu kila neno unachorwa mstari mwekundu wa mawimbi, kwa kuwa kisahihishi cha tahajia kilichomo ndani hakijui Kiswahili. Anaandika "Nyumba i wapi?", na hiyo i inageuzwa papo hapo kuwa I kubwa, kwa sababu katika Kiingereza i inayosimama peke yake ni "mimi" nayo huandikwa kwa herufi kubwa. Mwalimu anarudi nyuma kuisahihisha mashine iliyomsahihisha.

Wako watakaocheka na kusema hayo ni madogo. Hebu tuyatazame kwa jicho la mwanafunzi. Katika Kinyarwanda sauti za r na l hazitenganishi maana kama zinavyotenganisha katika Kiswahili, na kwa sababu hiyo wanafunzi wetu huandika "kurara" wakikusudia "kulala". Kisahihishi cha Kiswahili kingelionyesha kosa hilo mara moja. Lakini ukurasa wote ukiwa mwekundu, kosa la kweli limevaa nguo ileile iliyovaliwa na maneno yaliyo sahihi, wala hapana wa kulitambua. Hatusemi kwamba mashine itafanya kazi yote. Mwanafunzi akiandika "karamu" badala ya "kalamu" kisahihishi kitanyamaza, maana karamu nayo ni neno, na hapo atahitajiwa mwalimu kama alivyohitajiwa siku zote. Tunasema tu kwamba kazi ambayo mashine humfanyia mwanafunzi wa Kiingereza bila kuombwa, yule wa Kiswahili hafanyiwi, na juu ya hayo huonyeshwa kila siku kwamba lugha anayojifunza ni mfululizo wa makosa. Mwalimu gani angekubali daftari la mwanafunzi litiwe kalamu nyekundu kutoka mwanzo hadi mwisho na mtu asiyeijua lugha iliyoandikwa?

Sasa tuulize: wenye elimu ya kompyuta huamua vipi kilicho cha msingi? Mfano mzuri ni Debian, mfumo ulioanzishwa mwaka 1993 na Ian Murdock na ambao hutengenezwa na watu wa kujitolea ulimwenguni kote. Debian umezipanga programu zake kwa madaraja, na kanuni zake zimeandikwa wazi. Ziko programu za lazima, ambazo bila hizo mfumo hauendi. Ziko zilizo muhimu. Ziko za kawaida. Na ziko za hiari. Kipimo cha daraja hilo la pili kinapendeza. Programu huhesabiwa kuwa muhimu ikiwa mtu mzoefu wa mifumo ya jamii ya Unix, akiikosa, atashtuka na kuuliza imekwenda wapi. Na kanuni hiyohiyo huyaondoa katika daraja hilo madude makubwa hata yakiwa na sifa, kwa mfano mhariri wa matini aitwaye Emacs.

Twakisifu kipimo hiki kwa kuwa kinatazama mshangao wa anayekosa, jambo ambalo ni la kibinadamu. Lakini twauliza: ni mshangao wa nani? Mtu mzoefu anayetajwa hapo ni mwendeshaji wa mitambo. Yeye akikosa chombo cha kuhariri faili hushtuka, na mshtuko wake ni sheria. Mwalimu wa lugha akikosa lugha hashtuki tena, maana amezoea kuikosa. Hapo ndipo kipimo kinapoteleza. Aliyenyimwa kitu kwa muda mrefu huacha kukiulizia, na kimya chake huhesabiwa kuwa ni kutosheka.

Kiko kipimo kingine, nacho ni kuhesabu watumiaji. Debian ina programu ndogo ambayo mtumiaji akikubali hupeleka kila wiki orodha ya programu zilizomo katika mashine yake, na hesabu hiyo husaidia kupanga programu zipi zitangulie katika diski za kusakinishia. Njia hiyo ina uungwana, maana haimlazimishi mtu. Hata hivyo, tuitazame kutoka hapa tulipo. Orodha hiyo husafiri kwa intaneti. Shule isiyo na intaneti haipigi kura. Basi shule ambayo ingenufaika kuliko zote kwa kuvikuta vitu vyote ndani ya mashine, kwa kuwa haina namna ya kuvipata nje, ndiyo isiyohesabiwa hata kidogo. Na ile yenye mtandao wa kasi, iwezayo kupakua chochote wakati wowote, ndiyo inayoamua nini kiwemo. Hatuoni hila yoyote katika jambo hilo, lakini hatuoni haki pia.

Tena hesabu ya watumiaji ni mduara. Kisichokuwamo katika msingi hakitumiki na wengi. Kisichotumika na wengi hakipati wa kukisahihisha. Kisichosahihishwa huchakaa, istilahi zake zikabaki nusu na makosa yake yakadumu. Kikiisha kuchakaa, husemwa kwamba hakifai kuwekwa katika msingi. Ushahidi wa mduara huo tunao katika historia ya lugha yetu wenyewe. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, mkusanyiko wa programu za ofisini uliofasiriwa kwa Kiswahili, nao ulikuwa huru na wa bure. Muda mfupi baadaye Microsoft nayo ikatoa sura ya Kiswahili kwa ajili ya Windows na Office. Kazi hizo mbili zilikuwa za maana, na wataalamu waliokaa wakapima istilahi moja baada ya moja wanastahili shukrani. Lakini ile ya Microsoft ilitolewa kama kifurushi cha kujazia juu ya mfumo wa Kiingereza. Mtu ilimbidi ajue kwamba kipo, akitafute, akipakue, kisha akitandike juu ya kilichotangulia. Wangapi kati ya walimu wa miaka ile waliwahi kukiona? Kiswahili kilitengenezewa nguo nzuri, kisha nguo ikafungiwa sandukuni, na ufunguo akapewa jirani.

Wanaotuambia kwamba kuwekwa katika msingi si kitu kikubwa, maana mtu yuko huru kuongeza na kupunguza, hawana budi kutueleza kwa nini wenye makampuni makubwa wamelipigania jambo hilo kwa miaka mingi na kwa fedha nyingi. Mwaka 2004 Tume ya Ulaya iliitoza Microsoft faini ya euro milioni 497, na miongoni mwa makosa iliyoyataja ni kuifungamanisha na Windows programu ya kuchezea muziki na filamu. Kampuni iliamriwa kutoa Windows isiyo na programu hiyo, nayo ikaitoa. Wanunuzi hawakuitaka, maana bei ilikuwa ileile na kitu kimepungua. Mwaka 2018 Tume hiyohiyo ikaitoza Google faini ya euro bilioni 4.34 kwa habari ya Android, na mojawapo ya mashtaka lilikuwa kuwalazimisha watengenezaji wa simu kutanguliza ndani yake programu zake za kutafutia na kuvinjari. Mfanyabiashara hatumii mabilioni kwa jambo lisilo na uzito. Anajua kwamba walio wengi hutumia walichokikuta. Ikiwa yeye anajua, sisi walimu tusijifanye hatujui.

Yafaa pia tuutaje mfano ulio nyumbani. Mwaka 2008 Rwanda ilianza kuwagawia watoto wa shule za msingi zile kompyuta ndogo za kijani na nyeupe zijulikanazo kwa jina la XO, na katika miaka iliyofuata ziligawiwa zaidi ya 200,000. XO ya kwanza ilikuwa na nafasi ya kuhifadhia ya gigabaiti 1 tu. Ndani ya kichungu hicho iliwabidi watengenezaji waweke mfumo endeshi, sura yake iitwayo Sugar, na shughuli za watoto: kuandika, kuchora, kupiga picha, kutunga muziki, na kujifunza kuiamuru mashine. Kila kilichoingia kilikitoa kingine. Walio katika kazi ile hawakuweza kusema "tuweke yote", wala hawakuweza kusema "tusiweke kitu". Ilibidi waulize mtoto huyu atafanya nini siku ambayo hapana mtandao wala mwalimu wa kompyuta. Tunalirudia swali hilo kwa sababu ndilo swali sahihi, ijapokuwa siku hizi nafasi imepanuka mara mia na zaidi. Jambo la kustaajabisha ni kwamba palipokuwa na nafasi finyu palifikiriwa sana, na palipo na nafasi tele watu hujaza kwa mazoea.

Basi sisi tunapendekeza vipimo vitatu.

Kwanza, kiwekwe katika msingi kile ambacho anayekihitaji hawezi kujiletea mwenyewe baadaye. Twalisema hili mbele ya vipimo vyote. Mwalimu wa shule hana neno la siri la msimamizi wa mashine, na ni haki asiwe nalo. Hata intaneti ikiwapo, hana ruhusa ya kusakinisha. Mwenye kampuni mjini akikosa kitu hukileta kwa dakika tatu. Mwalimu akikikosa humwandikia barua mkuu wa shule, mkuu akaipeleka mbele, na muhula ukaisha. Kwa hiyo uzito wa kukosa haupimwi kwa idadi ya wanaokosa peke yake, bali kwa urefu wa njia ya kukipata.

Pili, kiwekwe katika msingi kile kinachogeuza maana ya vitu vingine vyote. Programu ya kuchorea ramani ni kitu kimoja kati ya vingi, asiyeihitaji huipita. Lugha haiko hivyo. Lugha ya kiwambo, mpangilio wa kibodi na kisahihishi cha tahajia humgusa mtumiaji katika kila tendo, awe anaandika barua, hesabu au shairi. Vitu vya namna hiyo ni nguzo, na nguzo haziletwi baada ya paa.

Tatu, kisiwekwe katika msingi kitu kinachomfunga mtumiaji au kumgeuza soko. Hapa tunawashambulia wale wa upande wa pili, wapendao kujaza. Mashine nyingi huja na programu za majaribio ambazo baada ya siku 30 huanza kuomba fedha, michezo isiyoombwa, na programu mbili au tatu za kazi moja. Hivyo havikuwekwa kwa kuwa shule inavihitaji, bali kwa kuwa kuna aliyelipia nafasi. Anayetuambia kwamba kamusi ya tahajia ya Kiswahili itaijaza diski aanze kwa kuvitoa hivyo, kisha atuonyeshe diski iliyojaa.

Kwa vipimo hivyo vitatu, orodha yetu inakuwa fupi. Iwemo sura ya mfumo kwa Kiswahili, pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa, na mtumiaji achague lugha yake anapoingia, bila kuomba ruhusa. Kiwemo kisahihishi cha tahajia cha Kiswahili, na lugha ya maandishi iweze kubadilishwa waziwazi. LibreOffice, kwa mfano, ina kamusi ya tahajia ya Kiswahili ambayo ni faili la megabaiti chache tu. Iwemo programu ya Kiwix pamoja na Wikipedia ya Kiswahili, kamusi elezo iliyoanzishwa mwaka 2003 na ambayo sasa ina zaidi ya makala 80,000. Kwa njia hiyo husomeka bila intaneti, nayo huenea kwa urahisi katika kijiti cha kumbukumbu cha gigabaiti 8. Mwisho, iwemo programu ya kurekodia sauti, kwa maana lugha husemwa kabla ya kuandikwa, na mwanafunzi anayesikia r yake na l yake kwa masikio yake hujirekebisha upesi. Hayo tu. Hatukuomba jumba.

Tunajua yatakayosemwa dhidi yetu, nasi tungependa kuyajibu moja moja.

Watasema Kiswahili nchini Rwanda hakina wazungumzaji wengi. Tunajibu kwamba mwaka 2017 sheria ilikifanya kuwa lugha rasmi, ya nne pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Kwamba nchi yetu imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007. Na kwamba mwezi wa Februari 2022 Umoja wa Afrika ulikikubali kuwa lugha yake ya kazi. Kwa muda mrefu Kiswahili kilihesabiwa hapa kuwa lugha ya wachuuzi, ya kambi za askari, na ya mitaa ya Nyamirambo na Biryogo. Sheria imekitoa mitaani ikakipeleka bungeni. Ni ajabu kwamba kimefika bungeni na hakijafika katika kompyuta ya darasa ambamo kinafundishwa. Zaidi ya hayo, lugha inayofundishwa ndiyo ihitajiyo msaada wa mashine kuliko ile inayojulikana na wote. Uchache wa wazungumzaji ni sababu ya kukiweka, si sababu ya kukitoa.

Watasema tafsiri zilizopo ni mbovu, zina maneno ya kubuni yasiyoeleweka, na kwamba hata mwalimu wa Kiswahili huona rahisi kutumia mashine kwa Kiingereza. Ni kweli kwamba zipo tafsiri mbaya. Ni kweli pia kwamba wengine wanasema kompyuta na wengine tarakilishi, na ugomvi huo haujaisha. Lakini istilahi hukomaa kwa kutumiwa. Neno "pakua" lilichekwa lilipoanza. Leo mtoto wa shule analisema bila kufikiri. Tafsiri mbaya iliyo mbele ya macho ya walimu elfu itasahihishwa, na tafsiri nzuri iliyo sandukuni itaoza. Sisi walimu ndio tungekuwa wasahihishaji wa kwanza, lau tungeiona.

Watasema mtihani wa somo la kompyuta hufanywa kwa Kiingereza, na kwamba tutawachanganya watoto. Lakini hatukuomba Kiingereza kitolewe. Nyumba ya Mnyarwanda hukaa lugha mbili au tatu kwa amani, na mtoto hachanganyikiwi anapomwamkia nyanya yake kwa lugha moja na mwalimu wake kwa nyingine. Mashine inayomruhusu kubadilisha lugha kwa kubofya mara moja humfunza tafsiri bila mwalimu kutamka neno. Aone "faili" hapa na jina lake la Kiingereza kule, naye amejifunza istilahi katika lugha zote mbili.

Wako pia wasemao kwamba mashindano ya siku hizi ni kupunguza. Watatutajia Ubuntu, mfumo uliozaliwa mwaka 2004 kutokana na Debian, ambao kwa miaka ya mwanzo ulienea katika diski moja ya megabaiti 700, na ambao mwaka 2023 ulianza kutanguliza usakinishaji mdogo, hata programu za ofisini zikawa za kuchagua. Hatupingi udogo. Jina lenyewe, ubuntu, kwa Kinyarwanda ni ukarimu na kwa ndugu zetu wa kusini ni utu, na mwenye utu hamlishi mgeni asichokitaka. Lakini udogo ni wema kwa yule mwenye duka karibu. Anayesafiri kwenda mahali pasipo duka hufunga masurufu. Shule nyingi za nchi zetu ni msafiri wa namna hiyo, na anayezipa mashine nyepesi kwa kufuata desturi ya mwenye duka amezipunguzia mzigo na kuziongezea njaa.

Na mwisho watasema mambo yote sasa yamo katika simu na katika mtandao, na kwamba mashine zenye akili bandia zitatafsiri kila kitu. Huenda zikafanya hivyo. Lakini hizo nazo hujifunza kutokana na maandishi yaliyopo, na maandishi huandikwa na watu mbele ya kibodi. Lugha ambayo kuiandika ni kero itaandikwa kidogo, na iliyoandikwa kidogo itafundishwa vibaya kwa mashine hizo, kisha tutarudishiwa Kiswahili kibovu tukiambiwa ndicho chetu. Kwa hiyo hata huo mtandao wa kesho unaanzia katika msingi wa mashine ya leo.

Tufanye nini, basi? Orodha ya programu za msingi huandikwa wakati wa kuagiza mashine, katika hati ya zabuni, miezi mingi kabla ya sanduku kufunguliwa shuleni. Mwalimu anayelalamika mbele ya sanduku lililofunguliwa amechelewa. Tunapendekeza kwamba chama chetu kiandike orodha fupi kama hii tuliyoitoa, kiipime na walimu wa mikoa yote, kisha kiipeleke kwa Bodi ya Elimu ya Msingi ya Rwanda na kwa Inteko y'Umuco, na nakala iende kwa Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyoko Zanzibar, maana jambo hili haliihusu Rwanda peke yake. Walimu wa Bujumbura, wa Goma na wa Kampala wanaandika mitihani yao juu ya mistari mekundu ileile.

Pili, tunaomba kila mwalimu asomaye kurasa hizi aifungue mashine ya shule yake na aandike katika karatasi mambo matatu: lugha zilizomo katika mfumo, kama kisahihishi cha Kiswahili kipo au hakipo, na nani mwenye ruhusa ya kukiongeza. Atuletee karatasi hiyo katika mkutano wa chama. Tumesema kwamba shule isiyo na intaneti haihesabiwi. Hapana kinachotuzuia kuihesabu sisi wenyewe, kwa kalamu na karatasi, na hesabu hiyo kuiweka mezani pamoja na orodha yetu, ili atakayeandika zabuni ijayo asiweze kusema kwamba hakuna aliyeuliza.